"Kiuchumi" na "kwa iktisadi": tofauti ni ipi?

Watahiniwa wengi wanapojibu maswali ya fasihi huandika sentensi kama hii: "Mshairi ametumia maneno kiuchumi." Msahihishaji husita. Je, mshairi anayauza maneno hayo?

Kosa hili linatokana na Kiingereza. Katika lugha hiyo, vivumishi viwili tofauti, "economic" na "economical", huzaa kielezi kimoja, "economically". Kwa hivyo kielezi hicho kina maana mbili: kwa upande wa uchumi, na bila ubadhirifu. Kiswahili hutenganisha maana hizo.

Nomino "uchumi" inatokana na kitenzi "chuma", yaani kupata faida. Hivyo basi, "kiuchumi" huhusu mali, kazi na mapato. Katika tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui, ni sahihi kusema kuwa wafanyakazi wanadhulumiwa kiuchumi. Maana ya pili huelezwa kwa "kwa iktisadi", "kwa uangalifu" au "bila kufuja".

Tuchukue methali: Haba na haba hujaza kibaba. Funzo lake, kuweka akiba, ni la kiuchumi. Lugha yake nayo imetumiwa kwa iktisadi: maneno matano tu yamebeba funzo zima. Hoja ya kwanza ni ya maudhui, ya pili ni ya fani. Anayezichanganya hupoteza alama.

Kabla ya kuandika, mtahiniwa ajiulize: nazungumzia mali au kipimo cha matumizi?