Kiingereza cha Mtihani na Kiingereza cha Dukani

Kijana anayetoka Songea kwenda kusoma Uingereza, Kanada au Australia huwa amesomea Kiingereza kwa miaka mingi. Fizikia na historia alifundishwa kwa lugha hiyo tangu kidato cha kwanza, na akafaulu. Ndiyo maana wiki za kwanza ugenini humchanganya sana. Kitabu anakielewa, mhadhara anaufuata, lakini mhudumu wa dukani akimuuliza jambo dogo wakati wa kulipa, anabaki amekodoa macho. Wengi hapo hujiona hawana akili ya lugha. Huanza kujifungia chumbani, na simu za nyumbani zikawa ndiyo mazungumzo yao pekee ya siku nzima. Hali hiyo ina sababu zinazojulikana kitaalamu, na sehemu kubwa ya tiba yake yaweza kuanza hapa hapa Songea.

Mwaka 1979 Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha nchini Kanada, alitenganisha aina mbili za umilisi. Ya kwanza ni lugha ya maongezi ya kila siku, inayosaidiwa na uso wa msemaji, mikono yake na vitu vilivyo mbele yenu. Ya pili ni lugha ya taaluma: kueleza sababu, kulinganisha hoja, kuandika insha bila kuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole. Alipochunguza takwimu za watoto wahamiaji wa Toronto, aliona kuwa ya kwanza huwachukua kama miaka miwili, na ya pili kati ya mitano na saba. Watoto wale waliokota Kiingereza uwanjani kwanza. Cha darasani kikafuata polepole.

Mwanafunzi wetu hupita njia ya kinyume. Katika shule nyingi za serikali husoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyetoka kijijini Mpitimbi au Muhukuru anaelezwa usanisinuru kwa Kiingereza kabla hajawahi kuomba chumvi kwa lugha hiyo. Anaishi maisha ya mwanafunzi wa kigeni bila kuvuka mpaka wowote. Njia aliyobakiwa nayo ni kukariri, na kukariri humpitisha kwenye mitihani, lakini hakumfundishi kujibu swali asilolitarajia.

Mkoa wetu una mfano wa hilo wa siku nyingi. Oscar Kambona, mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Nyasa, alisoma shule ya kati ya Mtakatifu Barnaba pale Liuli. Baba yake, kasisi wa Kianglikana, hakuweza kumlipia karo ya sekondari Dodoma. Kambona mwenyewe alisimulia kwamba alimshawishi askofu Mwingereza amlipie kwa kumsomea Sala ya Bwana kwa Kiingereza. Maneno yaliyokaririwa vizuri yalimfungulia mlango. Lakini huyo huyo baadaye alikwenda London kusomea sheria, taaluma ambayo mtu huishi kwa kuuliza, kubisha na kujibu papo kwa papo. Kukariri kulimfikisha sekondari. Huko mbele alihitaji lugha ya kutumia.

Ugumu wa kwanza ugenini uko sikioni. Kiswahili kina irabu tano, na kila silabi hupewa haki yake. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, na silabi isiyo na mkazo humezwa. Chukua maneno manne: hat, hut, heart, hurt. Wengi wetu huyatamka yote kwa irabu moja, ile ya “a”, na sikio huzoea kusikia kile ambacho ulimi hukitamka. Mzungumzaji anapoyataja kwa haraka, mgeni husikia neno moja pale yalipo manne. Hapo akili haina kosa. Sikio ndilo halijapata mazoezi. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao vyuo vingi vya ng’ambo hudai alama 6 hadi 7 kati ya 9, hulipima sikio hilo bila huruma: katika sehemu ya kusikiliza, rekodi huchezwa mara moja tu.

Ugumu wa pili uko kwenye adabu. Huku tunamwamkia mwalimu shikamoo, tunanyamaza, tunangoja kuulizwa. Katika semina za vyuo vya Uingereza mwanafunzi hutarajiwa kuingilia kati, kumpinga mwenzake, pengine hata mhadhiri, tena akimwita kwa jina lake la kwanza. Ukimya ambao kwetu ni heshima, huko wanaweza kuusoma kuwa hukujiandaa. Kijana akielezwa hili kabla ya safari, atajua kwamba kuuliza swali darasani hakumvunjii mtu heshima.

Sasa tufanye nini? Kwanza, tusikitupe Kiswahili. Cummins alionyesha pia kwamba ujuzi wa kujenga hoja huhama kutoka lugha moja kwenda nyingine. Anayeweza kueleza kwa Kiswahili safi kwa nini mahindi ya jirani yamestawi kuliko yake, hahitaji kujifunza upya kufikiri. Anahitaji maneno tu.

Pili, zoeza sikio kila siku. Chukua taarifa ya habari ya Kiingereza ya dakika mbili kwenye simu. Isikilize, andika ulichosikia, rudia, sahihisha, kisha isome kwa sauti sambamba na mtangazaji, ukimfuata anapokaza na anapomeza silabi. Dakika 20 kila jioni zinatosha kwa kuanzia.

Tatu, tafuta Kiingereza cha jikoni na njiani. Wanafunzi wawili wakubaliane kupika, kupanga safari au kusimulia mechi kwa Kiingereza, bila daftari.

Nne, na hili nawaomba sana walimu na wazazi: mtoto akichapia, msimcheke. Stephen Krashen, mtaalamu wa Marekani, alieleza kuwa hofu na aibu huizuia lugha isiingie hata pale inaposikika vizuri. Kibao cha shuleni kinachosema asiyeongea Kiingereza hahudumiwi ofisini huzaa watoto waliojifunza kunyamaza, na ukimya huo husafiri nao mpaka ng’ambo. Shule ikitenga kipindi kimoja kwa wiki cha kuongea Kiingereza bila alama, bila adhabu na bila kucheka mtu, itakuwa imewapa wanafunzi wake maandalizi ambayo karo ya chuo chochote cha ughaibuni haiyanunui kwa urahisi.