Kamba ya Kifundo cha Mukono: Wewe Uko Nayo?

Ndugu musomaji, mbele ya kuendelea, fanya jambo moja. Nyoosha mukono, kiganja kiangalie juu. Gusanisha kidole gumba na kidole kidogo cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Sasa angalia katikati ya kifundo cha mukono. Watu wengi wataona kamba moja inasimama chini ya ngozi. Wamoja hawataona kitu. Jaribu na mukono wa pili, kwa sababu kuna wenye kuwa nayo upande mumoja tu. Ita na watoto wajaribu, watafurahi.

Kamba ile ni kano ya musuli mwembamba unaoanzia karibu na kiwiko na kuteremuka mpaka kiganjani. Madaktari wanauita palmarisi longasi. Mwaka 2011 James Kigera na Stanley Mukwaya walitoa habari ya uchunguzi wao wa Uganda, ngambo tu ya mupaka wetu wa Kasindi. Walipima watu 800, na katika kila 100, watu 4 na kitu hawakuwa nayo, upande mumoja ao pande mbili. Ni kusema karibu watu 35 katika wale 800. Kwa Wazungu, vitabu vinahesabu karibu 15 katika 100. Na wasio nayo hawakosi kitu: wanalima, wanabeba mizigo, wanashika chepeo sawa wengine.

Utauliza: kama kukosa kamba hii hakuzuie mutu kutumika, sababu gani kuipotezea karatasi? Ni juu ya dokta mwenye kupasua. Fikiri kijana anayechimba zahabu upande wa Manguredjipa. Panga inamukata kano ya kidole, anafunga kitambaa, anaendelea na kazi. Anapofika hospitali Butembo, miezi imepita, na ncha mbili za kano zimevutika, haziwezi tena kukutana. Inaomba kupata kano ingine ya kuunganisha. Dokta anatafuta mahali ambapo akitoa haileti hasara, na mahali pa kwanza ni ile kamba yako ya kifundo. Kama haiko, anaweza kutafuta musuli mudogo wa muguu wenye kano ndefu, plantarisi, lakini hata huo kuna watu waliozaliwa pasipo nao! Hapo anakwenda kwenye kano za vidole vya muguu.

Lakini hatari yenyewe iko hapa. Chini ya kamba ile kunapita mushipa mukubwa wa fahamu, mediani. Ndio unaoletea gumba na vidole viwili vinavyofuata hisia, na ndio unaosaidia gumba kusimama mbele ya vidole vingine. Kwa mutu asiye na kamba, mushipa huu ndio unakuwa karibu na ngozi, mweupe, murefu, unafanana na kano kabisa. Magazeti ya madaktari duniani yameandika habari za wapasuaji waliokata mushipa wa fahamu wakifikiri ni kano. Mugonjwa aliingia na kidole kimoja kibaya, akatoka na mukono usiosikia moto. Kwa sababu hiyo dokta mwenye akili anamuomba mugonjwa afanye, mbele ya sindano ya usingizi, jambo lile ulilofanya sasa hivi.

Sisi wenyewe tunasaidia kuchanganya mambo. Kila kitu kirefu ndani ya mwili tunakiita mushipa: njia ya damu ni mushipa, kano ni mushipa, waya ya fahamu ni mushipa. Ni vitu vitatu mbalimbali. Ukimupeleka mutu aliyekatwa kwenye kifundo, hata kama kidonda ni kidogo, usiseme tu «mushipa umekatwa». Mupapase ncha za gumba na za vidole viwili vya pembeni yake. Asiposikia, ao gumba isipoweza kusimama, uambie infirmie hivyo, na usikubali washone ngozi peke yake na kuwarudisha nyumbani.

Kuna na misuli ya kuzidi. Wamoja wana musuli mwembamba mbele ya mufupa wa kifua, sternalisi. Katika picha ya maziwa ya mwanamuke unaweza kuonekana sawa uvimbe wa kansa, na mama wa watu akalia bure. Wengine wana kipande cha musuli kinachovuka kwapa. Karl Langer wa Vienna alikiandika mwaka 1846, na hata leo kinamuchanganya dokta anayetafuta tezi za kansa mule ndani. Wanafunzi wa udaktari, hata wetu wa Université Catholique du Graben, wanakuta katika vitabu vingi muchoro wa mwili mumoja tu. Biblia yenyewe inataja mutu wa Gati mwenye vidole sita (2 Samweli 21:20).

Sasa jambo zito kwa wazazi. Kuna watoto, wachache sana, wanaozaliwa pasipo musuli mukubwa wa kifua upande mumoja. Alfred Poland aliandika juu yake London mwaka 1841. Kifua kinabonyea, mara nyingi upande wa kuume, pengine vidole ni vifupi ao vimeshikana. Binti akianza kukomaa, ziwa moja halioti. Hapo majirani wanaanza: ni uchawi, ni mama yake mudogo. Hapana! Alizaliwa hivyo, hakuna aliyemuloga. Ukimupeleka kwa picha ya kifua juu ya kikohozi, uambie dokta, kwa sababu upande ule unatoka mweusi zaidi na unaweza kufanana na ugonjwa wa mapafu. Na kuna upasuaji wa kumusaidia: dokta anageuza musuli mupana wa mugongo na kuuleta mbele. Kwa watoto wamoja wa namna hii, huo nao haupo. Basi anamuomba kwanza aweke mikono kiunoni na kusukuma kwa nguvu, na anapapasa nyuma ya kwapa kama uko.