Miguu ya Askari ni Silaha Yake ya Kwanza

Askari atokaye Ruziba kwa miguu kuelekea Rumonge hupita karibu na jiwe la Mugere, lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Jiwe hilo lina funzo. Mwaka 1867 mpagazi alitoroka na sanduku la dawa la Daktari Livingstone, kwinini ikiwamo. Homa zikamkuta hana kinga. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza Manyema zaidi ya miezi miwili.

Basi, ndugu askari, dawa za kikosi zigawanywe, asiachiwe mtu mmoja. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, badili soksi zikilowa, funga lengelenge lingali dogo. Maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywewa. Afichaye kidonda leo, kesho atabebwa na wenzake.