Kiboko, Nyangumi na Dhana ya Ngeli: Ufafanuzi wa Uainishaji na Mageuko ya Viumbe kwa Wanafunzi wa Sekondari

Makala haya yanafafanua tatizo moja la ufundishaji wa Biolojia katika shule za sekondari nchini Tanzania, yaani uainishaji wa viumbe kufundishwa kana kwamba hauhusiani na mageuko. Katika muhtasari uliotumika kwa miaka mingi, uainishaji huanza Kidato cha Kwanza, ilhali mageuko husubiri Kidato cha Nne, mtihani wa taifa ukiwa umekaribia. Mwanafunzi hukariri himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi bila kuelezwa kwa nini makundi yamo ndani ya makundi mengine. Tena hukariri kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi huanza kuitumia kusomea sayansi mwaka huohuo.

Mwandishi wa makala haya alifundisha Kiswahili na Biolojia kabla ya kuanza masomo ya Uzamivu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza: "Mwalimu, nani aliamua kuwa nyangumi si samaki?" Alijibiwa kwamba nyangumi ana damu moto, hupumua kwa mapafu na hunyonyesha. Jibu hilo lingepata alama zote katika mtihani, lakini halikujibu swali. Mtoto alitaka kujua kwa nini kunyonyesha kuwe na uzito kuliko kuishi majini na kuwa na mapezi. Mwandishi hakuwa na jibu siku hiyo, akaendelea na somo.

Kihistoria, aliyewahamisha nyangumi kutoka kundi la samaki ni Carolus Linnaeus, katika toleo la kumi la kitabu chake *Systema Naturae* la mwaka 1758. Linnaeus hakuwa mwanamageuko. Kwa hiyo mtu anaweza kuainisha vizuri bila nadharia ya mageuko, ila hawezi kueleza kwa nini viumbe vinakubali kupangwa hivyo. Maelezo hayo yalitolewa na Charles Darwin mwaka 1859, katika kitabu chenye mchoro mmoja tu, nao ni wa matawi yanayogawanyika. Makundi yamo ndani ya makundi kwa sababu nasaba imo ndani ya nasaba. Sifa hupata uzito katika uainishaji pale inaporithiwa kutoka kwa mhenga mmoja, si pale inapoonekana kwa urahisi.

Hapa ndipo neno ngeli linapofaa. Wapo wanaoona kuwa ni kasoro kwa istilahi moja kutumika katika sarufi na katika Biolojia. Darasani, hata hivyo, mgongano huo una manufaa. Mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi anajua, hata kama hawezi kueleza, kwamba umbo la nomino halitoshi kubainisha ngeli yake. *Kiboko* ina kiambishi *ki-* kama *kiti*, lakini mnyama huyo husemwa "kiboko mkubwa amezama". Kiboko cha kuchapia, ambacho asili yake ni ngozi ya mnyama huyohuyo, ndicho "kirefu" na ndicho "kimekatika" (wanafunzi hawahitaji mfano wa ziada). Kigezo cha kimofolojia huviweka viwili hivyo pamoja. Upatanisho wa kisarufi huvitenganisha.

Vivyo hivyo kwa nyangumi. Umbo lake ni la samaki, lakini "upatanisho" wake ni mwingine. Samaki hupiga mkia kushoto na kulia. Nyangumi hupiga wake juu na chini, kwa mwendo uleule wa uti wa mgongo wa mnyama akimbiaye nchi kavu.

Kiboko mwenyewe anatoa funzo kubwa zaidi. Kwa muda mrefu aliwekwa karibu na nguruwe kwa sababu ya umbo na meno. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walichunguza vipande vya DNA vinavyojinakili na kujichomeka mahali pasipotabirika katika kromosomu. Walibaini vipande vilivyokaa mahali palepale kwa kiboko na nyangumi, lakini visivyokuwapo mahali hapo kwa nguruwe wala ng'ombe. Mwalimu anayesahihisha mitihani ataelewa mantiki hii upesi: wanafunzi wawili wakikosea kosa lilelile, katika mstari uleule, karatasi zao zina chanzo kimoja.

Ushahidi wa mifupa ulifuata. Mbuzi, ng'ombe, nguruwe, twiga na wanyama wengine wenye vidole shufwa wana kifupa katika kifundo cha mguu wa nyuma chenye umbo la kapi juu na chini. Kwa farasi, mbwa na binadamu umbo hilo liko upande wa juu tu. Mwaka 2001 zilitangazwa visukuku kutoka Pakistani vya nyangumi wa kale wenye miguu, wa takribani miaka milioni 50 iliyopita, nao walikuwa na kifupa cha kapi mbili. Kwa upande wa kiboko, mwaka 2015 ulielezwa mnyama wa miaka milioni 28 kutoka Lokone, Turkana, aliyeitwa *Epirigenys lokonensis*. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na neno la Kiturkana la kiboko.

Mlinganisho wa ngeli una mpaka, na mwalimu asipouonyesha atapotosha. Ngeli ya A-WA hukusanya nomino kwa kigezo cha uhai, si cha asili: *mtu* ni neno la Kibantu, *daktari* limekopwa, na yote mawili hupatana sawa. Kwa hiyo ngeli husaidia kuonyesha kwamba sura haitoshi, lakini haiwezi kuonyesha nasaba. Kwa nasaba, ulinganisho wa lugha unafaa zaidi: *-tatu* ya Kiswahili, *-datu* ya Kisukuma na *-thathu* ya Kizulu zina chimbuko moja, ilhali *sita*, *saba* na *tisa* zilizotoka Kiarabu hazikiondoi Kiswahili katika ukoo wa Kibantu.

Kuna walimu wanaopita juujuu mada ya mageuko kwa kuchelea imani za wanafunzi na wazazi. Mwandishi anaona kwamba kuichelewesha hadi Kidato cha Nne huongeza hofu hiyo, kwani mada huja ghafla na kujadiliwa kama madai kuhusu binadamu pekee. Ikianza na kifupa cha mbuzi katika Kidato cha Kwanza, mwanafunzi huulizwa kwanza anachokiona, na mfupa wenyewe hupatikana kwa muuza nyama yeyote, mradi uombwe wa mguu wa nyuma na uchemshwe hadi nyama itoke.