Kioo cha Mgeni Kinapokataa Kukua

Msomaji aliyezoea kompyuta iliyo mezani huenda akashangaa kusikia kwamba ndani yake yaweza kukaa kompyuta nyingine. Hii ya ndani haina sanduku wala waya. Ni programu tupu, lakini huwashwa, huzimwa, hupewa mfumo wake wa uendeshaji, nayo hujiona kuwa mashine kamili. Huitwa kompyuta pepe. Ile ya mezani huitwa mwenyeji, na hii ya ndani huitwa mgeni. Si jambo la jana, maana kampuni ya IBM ilikwisha kulifanya katika mashine zake kubwa miaka ya 1960. Sisi wanafunzi twalipenda kwa kuwa mtu aweza kujifunza Linux ndani ya dirisha la Windows, na akiharibu, ameharibu ya mgeni tu.

Basi, uko usumbufu mmoja unaowapata wengi. Jana ulivuta pembe ya dirisha, na picha ya mgeni ikakua pamoja nalo. Leo, baada ya programu kuwekwa toleo jipya, wavuta dirisha lakini picha imebaki mraba mdogo katikati, na pembeni weusi mtupu. Mwaka jana mwenzetu mmoja alipoona hivyo alidhani mashine imekufa. Akaifuta yote, na kazi yake ya majuma sita, programu ya kuandikisha vitabu vya maktaba, ikapotea. Kumbe kazi ile ilikuwa salama siku zote. Kilichoharibika ni mazungumzo tu kati ya mwenyeji na mgeni.

Mazungumzo gani? Yafaa tukumbuke kwamba mgeni hana kioo cha kweli. Mwenyeji humpa kadi ya picha ya kubuni, na mgeni huchora humo. Unapovuta dirisha, mwenyeji hupeleka habari: “Sasa nafasi ni nukta 1280 kwa 800.” Upande wa mgeni lazima awepo msikilizaji, yaani programu ndogo inayopokea habari hiyo na kuuambia mfumo wa uendeshaji ubadili ukubwa wa picha. Asipokuwapo msikilizaji, mgeni hurudi kwenye ukubwa wa tahadhari, kama 800 kwa 600, na hapo hukaa.

Nitatumia mfano wa VirtualBox, programu iliyotolewa mwaka 2007 na ambayo tangu 2010 imo mikononi mwa kampuni ya Oracle. Msikilizaji wake huletwa na kifurushi kiitwacho Guest Additions, ambacho huwekwa ndani ya mgeni.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ni upande gani uliopata toleo jipya? Watu wengi hurukia kubofya huku na huku kabla ya kujiuliza, nao hupoteza siku nzima.

Kama ni mwenyeji, yaani VirtualBox yenyewe, msikilizaji aliye ndani bado ni wa toleo la zamani, nao huenda wasielewane. Fungua menyu ya Devices, ingiza CD ya Guest Additions iliyokuja na toleo jipya, uiweke ndani ya mgeni, kisha umwashe mgeni upya.

Kama ni mgeni aliyepata toleo jipya, na hasa akiwa Linux, sababu ni nyingine. Baadhi ya sehemu za Guest Additions hufungamana na kiini cha Linux, nazo hutengenezwa kwa kiini kile kile kilichopo siku hiyo. Kiini kikibadilika, sehemu hizo hazimwingii tena, kama ufunguo wa kufuli iliyokwisha kubadilishwa. Hapana budi zitengenezwe upya. Kwa kazi hiyo mgeni ahitaji gcc, make, na faili za vichwa za kiini kipya. Kisha huandikwa amri ya sudo /sbin/rcvboxadd setup. Ujumbe wa kosa ukitokea, usome! Mara nyingi husema wazi ni kitu gani kinachokosekana.

Iko sababu ya tatu ambayo huwachanganya hata walimu. Toleo la 6.0, lililotoka Desemba 2018, lilibadili kadi ya picha wanayopewa wageni wapya. Mgeni wa Linux sasa hupewa VMSVGA, na wa Windows 7 au wa baadaye hupewa VBoxSVGA. Lakini mashine iliyoundwa kabla ya hapo hubaki na VBoxVGA ya zamani mpaka mwenyewe aibadilishe. Hilo hufanywa katika mipangilio ya Display, na mgeni lazima awe amezimwa kabisa. Mashine iliyolazwa tu, hali yake ikiwa imehifadhiwa, haikubali.

Kumbukumbu ya picha nayo yataka hesabu kidogo. Kila nukta huchukua baiti 4. Kioo cha 1920 kwa 1080 chahitaji baiti 8,294,400, na megabaiti 16 zamtosha. Lakini kioo cha 3840 kwa 2160 chahitaji 33,177,600, na hapo megabaiti 16 hazitoshi hata zikibembelezwa. Ongeza hadi 128.

Lingine ni dogo hata naona haya kulitaja. Ukibonyeza Ctrl ya kulia pamoja na C, VirtualBox huingia katika hali ya kuinyosha picha kama mpira badala ya kuikuza. Ukiona herufi zimevutika, bonyeza tena vivyo hivyo.

Wakati unapohangaika na kioo kidogo, huenda kifungo cha chini cha dirisha kikawa nje ya picha. Katika Linux shika Alt, au penginepo kitufe chenye alama ya Windows, kisha ulivute dirisha lote juu kwa kipanya.

Na ikiwa yote haya yameshindikana? Kazi yako imo katika faili moja, ile diski ya mgeni, ambayo kwa kawaida jina lake huishia na .vdi. Zima mgeni, nakili faili hiyo mahali pengine, unda mashine mpya, na mahali unapoulizwa habari za diski chagua kutumia iliyokwisha kuwapo. Ukiondoa mashine ya zamani, VirtualBox itakuuliza kama unataka kuiondoa orodhani tu au kufuta faili zote pia. Mwenzetu alijibu swali hilo kwa haraka.