Je, Wajua? Hangari ya Turubai Haianguki, Inapaa

Mjenzi wa matofali akikosea hesabu, ukuta humwangukia. Mjenzi wa hangari ya turubai akikosea, hangari humtoka mikononi na kupaa. Ukiiona kando ya barabara ya taifa namba 5, mashariki mwa Kongo, na malori mawili matatu yameegeshwa ndani, unadhani ni jengo zito. Sivyo. Hangari ya upana wa mita 10 na urefu wa mita 24, pamoja na matao yake ya alumini, nyaya, vigingi na kitambaa chote, hubebwa na lori moja na nafasi ikabaki. Wepesi huo ndio sifa yake, na ndio unaoumiza watu.

Runingu inaijua turubai kuliko sehemu nyingi. Kijiji hiki cha bonde la Ruzizi kiko kaskazini mwa Uvira, kabla hujafika Sange, na mto Runingu huteremka hapo kutoka milima ya Mitumba. Kati ya 1994 na 1996 palikuwa na mojawapo ya kambi za wakimbizi wa Burundi na Rwanda zilizotapakaa bondeni, mpaka vita vya Oktoba 1996 vikazivunja. Shitingi, yaani turubai la plastiki, ndiyo iliyokuwa paa la kila familia. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba, maturubai yakarudi tena. Na kila penye familia nyingi chini ya shitingi, panahitajika paa kubwa la magunia, la mashine za maji na la magari yanayoleta vyote hivyo. Dharura ikipita, hangari hubaki. Nyingine hugeuka gereji, nyingine ghala la mpunga.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Bessonneau ya mji wa Angers, Ufaransa, iliyokuwa mashuhuri kwa kamba na turubai, ilitengeneza hangari za mbao na kitambaa za kuhifadhia ndege, na majeshi ya Ufaransa na Uingereza yakazitumia kwa wingi. Siku hizi mbao zimeipisha alumini au chuma kilichopakwa zinki, na kitambaa ni nyuzi za poliesta zilizofunikwa PVC pande zote mbili. Kazi zimegawanywa: uzi hubeba mvutano, PVC huzuia maji na kuukinga uzi na jua. Mita moja ya mraba ya kitambaa hicho haifiki kilo moja, lakini inaweza kuvutwa kwa nguvu ambayo ingepasua turubai ya kawaida mara moja.

Sasa tuje kwenye upepo, maana hapo ndipo penye mambo. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao mtu anatembea nao bila shida huku ameshika kofia, hukisukuma kitu kilicho mbele yake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 6 kwa kila mita ya mraba. Ni kidogo kwa kifua cha binadamu. Lakini chukua kipande cha turubai cha mita 100 za mraba, ambacho watu wanane wanakivuta kwa kamba kipite juu ya matao: hapo ni kilo 600. Na nguvu ya upepo haikui sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, ambao kwenye bonde la Ruzizi huweza kuja ghafla mbele ya mvua, ungekivuta kipande hicho kwa tani 2 na nusu. Hakuna kikosi cha watu kinachoshindana na nguvu hiyo. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya kamba ni kwamba haizungushwi mkononi wala kiunoni, hata kwa nukta moja. Anayeishika kwa kiganja ataiachia ikimshinda. Aliyeizungusha ataondoka nayo.

Hangari iliyokamilika nayo haisamehewi. Upepo unapopita juu ya paa, hulifyonza kwenda juu. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa shinikizo hufika kama kilo 48 kwa mita ya mraba, na paa la hangari yetu ya mita 10 kwa 24 lina zaidi ya mita 240 za mraba. Hata ukihesabu theluthi mbili tu ya nguvu hiyo, zimekwisha pita tani 7 zinazovuta kwenda juu. Mlango mkubwa wa magari ukiachwa wazi upande wa upepo, hewa huingia na kusukuma paa kutoka ndani, na hesabu huzidi kuwa mbaya. Kwa hiyo swali la maana kwa hangari yoyote ni hili: imeshikwa na nini chini?

Imeshikwa na vigingi, na vigingi vimeshikwa na udongo. Udongo wa bonde la Ruzizi ni wa mito: hapa mchanga, hatua chache mbele tope la mfinyanzi, pengine changarawe iliyoshushwa na mafuriko ya zamani. Kigingi kilichogongwa Agosti kwenye ardhi kavu kama jiwe kinaweza kulegea Novemba ardhi ikilowa. Fundi mzuri haamini macho. Hugonga kigingi kimoja cha majaribio, akatia mtaimbo na kukivuta kwa nguvu akiangalia kama kinasogea. Kikisogea, anatafuta vigingi virefu zaidi, au anaongeza idadi, au anamwaga beto kwenye mashimo. Kigingi cha kamba ya pembeni hakigongwi wima: kichwa chake huelekea mbali na hangari, ili kamba ikivuta isiking'oe. Nimeona hangari zenye kitambaa cha bei kali zilizofungwa kwenye vigingi ambavyo mbuzi angeving'oa, na hilo si suala la umaskini. Ni kwamba kitambaa kinaonekana na kigingi hakionekani.

Kabla ya kigingi kuna kupima uwanja. Eneo liwe mbali na waya za umeme na miti, lisiwe kwenye njia ya maji. Runingu mto una kumbukumbu ndefu kuliko ya wenye viwanja. Halafu pembe zake zipimwe ziwe mraba. Kwa hangari ya mita 10 kwa 24 kuna zawadi ya hisabati: 10 mara 10, ukijumlisha na 24 mara 24, unapata 676, ambayo ni 26 mara 26 kamili. Kamba moja ya mita 26 inatosha. Ikipigwa kona kwa kona ikafika sawasawa, kisha ikapigwa kwenye kona zile nyingine mbili ikafika tena, msingi umenyooka. Ukikosea kwa kiganja kimoja tu, matao yatasimama, lakini siku ya kuvisha, kitambaa kitagoma katikati, na watu watapanda kukilazimisha. Ajali ya juu huanzia kwenye kamba ya chini.

Matao huunganishwa yakiwa yamelala ardhini, bolti zote zikakazwa huko huko. Kisha huja saa ya hatari kuliko zote: kuinua tao la kwanza na la pili. Tao moja lililosimama peke yake halina urafiki na mtu. Linashikwa na kamba mbele na nyuma, kila mguu una mtu wa kuzuia kitako kisiteleze, na chini yake hapiti yeyote. La pili likisimama, huunganishwa na la kwanza kwa papi za juu na nyaya zinazokatiza msalaba ubavuni na paani. Nyaya hizo ni nyembamba, na mtu mwenye haraka huziona kama pambo la kumalizia. Bila hizo, matao yote yanaweza kulala upande mmoja kwa msukumo mmoja. Basi chumba hiki cha kwanza, kati ya matao hayo mawili, kikazwe kabisa, kipigiwe vigingi, ndipo tao la tatu liguswe.

Wakati huo wote inasikika sauti moja. Kapita, yaani msimamizi wa kikosi, ndiye anayeita, na anasimama mahali anapoonwa na kila mtu, mikono yake haishiki kamba. Bondeni kikosi cha watu kumi kinaweza kuwa na wasemaji wa Kifuliiru, Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, kwa hiyo kabla ya kazi hukubaliana maneno matatu: vuta, shusha, simama. Vuta na shusha ni ya kapita peke yake. Simama ni ya kila mtu, hata kijana aliyeajiriwa asubuhi hiyo kuchota maji, na likisemwa halijadiliwi mpaka kazi imesimama.

Kuvisha kitambaa ni kazi ya kupendeza kuitazama. Ukingo wa kila kipande umeshonewa kamba ndani, nene kama kidole, na kamba hiyo huingia kwenye mfereji mwembamba uliochongwa ubavuni mwa tao. Mtu mmoja hukaa pale mdomo wa mfereji ulipo, na kopo la maji ya sabuni, akilainisha na kunyoosha ukingo usijikunje, huku wenzake wa upande wa pili wakivuta pole pole, kamba mbili kwa mwendo mmoja. Vidole vyake viko karibu mno na mfereji. Glavu hapo ni lazima. Upande mmoja ukitangulia, kitambaa hukwama, na dawa ni kurudi nyuma kidogo. Kukita miguu na kuvuta kwa hasira huchana ukingo.

Na kazi hiyo ina saa yake. Usiku hewa baridi hushuka kutoka Mitumba kuelekea Ziwa Tanganyika. Mchana jua likishika, upepo hugeuka na kutoka ziwani. Kati ya zamu hizo mbili, asubuhi mapema, bonde hutulia, na huo ndio muda wa turubai. Kipimo hakihitaji mashine. Vumbi na karatasi zikianza kunyanyuka ardhini na vijitawi kutikisika, upepo umefika kilomita 20 hadi 28 kwa saa: mtu asianze kipande kipya. Miti midogo ikianza kuyumba mizima mizima, kamba zifungwe na watu washuke. Turubai lililofika nusu na kuachwa limelegea ni tanga lisilo na nahodha. Ama likamilishwe na kukazwa, ama lishushwe likunjwe. Hakuna la kulala hivyo hadi kesho.

Msimu wa mvua una jambo la ziada. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, hukuhuku mashariki mwa Kongo, kuwa mahali panapopigwa na radi kuliko pote Afrika. Ngurumo ikisikika, hata ya mbali, watu wote waachane na chuma na alumini, wasirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kujikinga mvua chini ya hangari isiyomalizika ni kosa linaloeleweka, na ni kosa baya.

Hangari ikisimama, kitambaa hunyooka kwa jua la siku za mwanzo na kulegea. Kikazwe upya kesho yake, kisha bolti na vigingi vikaguliwe baada ya juma moja. Paa lililolegea hutega maji: bonde la maji la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 10 lina kilo 100, na kila tone linalofuata linajua pa kwenda.

Kwa kuwa ndani yatakaa magari, moshi wa injini uwe na pa kutokea pande zote mbili, na mafuta yasihifadhiwe humo kabisa. PVC haishiki moto kirahisi, ila ikiungua huyeyuka na kutoa moshi wa tindikali unaochoma mapafu. Watu wa Sange, majirani wa Runingu, hawahitaji kuelezwa habari za mafuta: tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka mjini mwao na moto wake ukaua zaidi ya watu 230.

Ninalo ombi kwa wanaoagiza hangari hizi, wawe mashirika, vyama vya wakulima au wenye malori. Kikosi kilipwe kwa siku, kisilipwe kwa hangari. Anayelipwa kwa hangari, saa nane mchana, wingu limeshika juu ya Mitumba na vipande viwili vimebaki, atavuta. Yule anayelipwa kwa siku atashusha kamba na kurudi kesho alfajiri. Posho ya siku moja zaidi kwa watu kumi iandikwe kwenye bajeti mapema, kabla hangari haijapakiwa.