Seva ya Akiba na Masafa ya Mafaili

Tangu Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipoanza kazi na kuiunganisha Dar es Salaam na ulimwengu kwa njia ya chini ya bahari, wengi wamedhani kwamba upana wa njia umeondoa taabu ya masafa. Ilhali nuru ipitayo ndani ya nyuzi za kioo haizidi takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na baina ya Moshi na London, zilizotengana kwa kilomita 7,000 hivi, swali na jibu lake haviwezi kwenda na kurudi kwa muda ulio chini ya sekunde 0.07.

Muda huo si kitu kwa swali moja. Lakini utaratibu wa NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mnamo 1984 ili kompyuta isome mafaili ya seva nyingine kana kwamba yamo ndani yake, ulikusudiwa majengo ambamo seva iko chumba cha pili, na aghalabu huuliza maswali mengi madogo madogo: faili lipo? Lina ukubwa gani? Nani ana ruhusa? Ofisi ya mtaa wa Soweto, hapa Moshi, ikiulizia mafaili 1,000 yaliyowekwa London, moja baada ya moja, hungoja sekunde 70 kabla ya kusoma neno hata moja.

Dawa yake ni seva ya akiba iwekwayo ofisini: aombapo mtu wa kwanza, huleta faili kutoka mbali na kubaki na nakala, na wafuatao hupewa nakala hiyo, kama Wachagga katika mifongo yao, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, ambao hukusanya usiku maji ya mlimani katika bwawa dogo, ili mchana yapatikane karibu na shamba.

Lakini nakala ni amana. Iwapo faili la asili limebadilishwa na nakala ikabaki ya jana, mfamasia atasoma kipimo cha dawa kilichokwisha kufutwa. Kwa hiyo seva ya akiba huuliza kule mbali kama tarehe ya mabadiliko ni ile ile, na kwa kawaida ya Linux jibu huaminiwa kwa sekunde 3 hadi 60. Vitabu vya maktaba visivyobadilika vyastahili muda mrefu zaidi. Daftari la hesabu liandikwalo na watu wengi kwa pamoja halifai kutegemea akiba kabisa. Basi msimamizi na aanze kwa kuyapambanua mafaili yake, yapi husomwa sana na yapi huandikwa sana, kabla ya kununua intaneti pana zaidi kwa ajili ya ucheleweshaji usioletwa na wembamba wa njia.